Penye Mashine Pawe na Mtafiti: Ilani ya Watafiti wa Picha za Tiba

Sisi tunaoitoa ilani hii ni watafiti wa picha za tiba. Kati yetu wamo wanafizikia, wahandisi wa vifaa tiba, wataalamu wa kompyuta, wakemia wanaotengeneza dawa zenye mionzi, na madaktari. Sote tuna shahada ya uzamivu au tuko mbioni kuipata. Kazi yetu ni kuiwezesha mashine imwonyeshe daktari kile ambacho jicho lake halikifikii: uvimbe ndani ya ubongo wa mtoto, mshipa wa moyo unaoziba, saratani iliyojificha nyuma ya mfupa, mimba isiyokua inavyotakiwa. Wengi wetu ni postdoki. Maana yake tumehitimu uzamivu, tumeajiriwa kufanya utafiti chini ya profesa, na mkataba wetu utakwisha kabla utafiti wenyewe haujakwisha.

Tuko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura. Tuko pia London, Leiden, Berlin na Boston. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, na leo tumekutanishwa na jambo moja. Serikali zetu zinanunua mashine za picha kwa mabilioni ya shilingi bila kuajiri watu wa kuzifanyia utafiti. Nchi tajiri zinawaajiri watu hao hao, zinatumia miaka yao iliyo bora, kisha mkataba ukiisha kila mtu na njia yake. Anayetoka huko hana pa kurudi, na mashine iliyoko nyumbani haina wa kuiuliza swali jipya. Tunaanzisha harakati hii ili pande hizo mbili zikutane kwenye ajira.

Mkataba wa mwaka mmoja

Lisome tangazo la kazi yetu. Anatakiwa mwenye uzamivu wa fizikia, uhandisi au fani inayokaribiana. Awe anaandika programu kwa Python na C++. Awe amewahi kubuni mpangilio wa mapigo ya redio yanayoiongoza MRI, au kuunda picha kutoka data ghafi. Awe na makala alizochapisha akiwa mwandishi wa kwanza. Awe na wadhamini watatu. Kisha, chini kabisa, unakuta mstari mmoja: mkataba ni wa mwaka mmoja, unaweza kuongezwa kutegemea upatikanaji wa fedha.

Sasa utazame huo mwaka mmoja unavyokwenda. Miezi ya mwanzo huishia kwenye mafunzo ya usalama wa sumaku, kibali cha kamati ya maadili, na kuizoea mashine, maana kila mashine ina tabia zake. Mchana mashine ya hospitali ni ya wagonjwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mtafiti hupewa saa za usiku au Jumapili. Anaweka fantomu, chombo kilichojazwa maji yenye chumvi na madini, mahali ambapo kichwa cha mgonjwa kingekaa. Anapiga picha. Anaona michirizi pembeni ambayo haikutakiwa kuwepo. Anarudi kwenye msimbo, anatafuta kama kosa liko kwenye koili, kwenye hesabu au kwenye joto la chumba, anasahihisha, kisha anasubiri wiki nzima zamu yake ya mashine ifike tena. Kabla hajapata picha safi ya fantomu hajamgusa mgonjwa hata mmoja. Akifika mwezi wa tisa anaanza kuandika barua za kuomba kazi kwingine, kwa sababu mwenye familia hawezi kungoja mwezi wa kumi na mbili ndipo ajue kama fedha zimepatikana.

Anapoondoka anaondoka na ujuzi wote. Msimbo unabaki kwenye kompyuta, lakini sababu ya kila mstari iko kichwani mwake. Anayekuja baada yake anaanza upya. Huu ni upotevu wa fedha za umma, hata kwa mtu asiyejali maisha ya postdoki.

Siku moja na nusu kwa wiki

Wakuu wa hospitali hutuuliza mwanafizikia atafanya nini wodini. Jibu limo katika historia ya bara letu wenyewe.

Mapema mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilikosa mwanafizikia baada ya aliyekuwepo kujiuzulu. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka matumizi ya dawa zenye mionzi yasimamiwe na mwanafizikia mwenye sifa. Aliyeombwa kuziba pengo ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka huo akawa anakwenda hospitali siku moja na nusu kila wiki. Huko aliona jinsi dozi za mionzi za wagonjwa wa saratani zilivyopangwa kana kwamba mwili wote ni kitu cha aina moja, ilhali mfupa, pafu na msuli huzuia mionzi kwa viwango tofauti. Likamjia swali: mionzi iliyopenya mwilini ikipimwa kutoka pande nyingi, je, hesabu inaweza kuchora kilichomo ndani?

Hesabu hizo alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mashine aliyoibuni mhandisi Godfrey Hounsfield kwa njia yake mwenyewe ikapiga picha ya kwanza ya ubongo wa mgonjwa kwa CT. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Kila CT-scan iliyoko katika hospitali za Bugando, Kenyatta au Mulago inatumia hesabu za aina ile aliyoifikia mtu aliyeazimwa hospitali kwa siku moja na nusu kwa wiki.

Cormack hakuwa postdoki, ila alipewa kitu ambacho sisi tunakidai: nafasi halali ndani ya hospitali, karibu na mgonjwa na mashine, na muda wa kufikiri. Peter Mansfield, aliyepata Nobel mwaka 2003 pamoja na Paul Lauterbur kwa kazi iliyozaa MRI, alikuwa postdoki Urbana, Illinois, kuanzia 1962 hadi 1964, kisha akapata kazi ya uhadhiri Nottingham. Fani yetu imejengwa na watu waliopewa nafasi kama hizo.

Blantyre na Mbarara

Wapo wanaosema utafiti ni anasa kwa nchi yenye uhaba wa madaktari wa radiolojia. Tunawaomba watazame Malawi.

Malaria ya ubongo imeua watoto wetu vizazi kwa vizazi, na kwa miaka mingi haikujulikana sawasawa ni kitu gani hasa kinachowaua wengine huku wenzao wa kitanda cha pili wakipona. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre iliwekwa MRI yenye sumaku ya tesla 0.35, dhaifu kuliko nyingi zilizoko leo Dar es Salaam au Nairobi. Timu ya Profesa Terrie Taylor, aliyefanya kazi Malawi kwa miaka mingi, na wenzake akiwemo daktari wa radiolojia wa Malawi, Sam Kampondeni, iliwapiga picha watoto waliolazwa kwa malaria ya ubongo. Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika New England Journal of Medicine. Kati ya watoto 168, walifariki 25, na kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipolazwa. Kati ya 143 waliopona, wenye uvimbe wa kiwango hicho walikuwa 39. Ubongo uliovimba hubana sehemu ya chini inayoongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua. Tangu hapo watafiti wa tiba wanajua waelekeze wapi nguvu zao: kwenye uvimbe wenyewe na kwenye kumsaidia mtoto apumue hadi uvimbe upungue.

Mashine hiyo ndogo ilijibu swali hilo kwa sababu palikuwa na watu waliokaa nayo miaka, wakiwa na swali na wagonjwa wanaolihusu. Sumaku kubwa zaidi isiyo na watu hao ingetoa picha na majibu ya kliniki, basi.

Mfano wa pili uko Uganda. Mashariki ya nchi hiyo, Mbale, hospitali ya watoto ya CURE imekuwa ikiwapasua watoto wenye vichwa vikubwa kwa zaidi ya miaka 20. Wengi wao waliupata ugonjwa baada ya maambukizi ya utotoni. Daktari anahitaji kuona maji yamejaa wapi ndani ya kichwa. MRI ya kawaida ya tesla 1.5 inahitaji heliamu ya kuipoza, umeme usiokatika na chumba maalumu, na bei yake ni ya kukatisha tamaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wakishirikiana na wenzao wa Leiden na Delft huko Uholanzi na Penn State huko Marekani, walichagua njia nyingine: sumaku ndogo ndogo za kudumu, zisizohitaji heliamu, zinazopangwa katika pete hadi zitoe nguvu ya millitesla 50 hivi.

Vifaa vyote pamoja na zana vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi hadi Uganda. Sumaku zilipangwa moja moja, pete 23 zikajazwa na nafasi kati ya pete na pete ikarekebishwa kidogo kidogo, koili zikasukwa, kitoroli cha alumini kikaundwa. Wakufunzi walikuwa wanne, na waliojifunza walikuwa sita ambao hawajawahi kufanya kazi hiyo. Tangu mizigo ifike hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, Johnes Obungoloch, alisomea uzamivu wake Penn State kisha akarudi Mbarara. Alikuta chuo kilichokuwa tayari kumpokea na kazi ya kufanya. Ndugu msomaji, hicho ndicho kipande ambacho wengi wetu hatukioni tunapotazama nyumbani.

Mashine bila watu

Mwaka 2015 Kenya ilianza mpango wa kukodi vifaa tiba, mashine za picha zikiwemo, kwa hospitali 98 katika kaunti zote 47, kwa mkataba wa miaka saba wa shilingi bilioni 38. Baadaye Seneti iliunda kamati ya kuuchunguza, na ikabainika kwamba kuna hospitali ambako vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa umeme, majengo au wataalamu. Tanzania nayo, kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, ilipeleka CT-scan katika hospitali za rufaa za mikoa. Hilo ni jema na tunalipongeza kwa dhati. Mgonjwa wa Sumbawanga au Musoma aliyegonga kichwa hastahili kusafirishwa mamia ya kilomita kwa ajili ya picha moja.

Lakini katika ununuzi wote huo, bajeti ilitaja mashine, matengenezo na mafunzo ya mwendeshaji. Mtafiti hakutajwa. Hakuna aliyewekwa pale kuuliza kama dozi ya mionzi anayopewa mtoto inalingana na mwili wake, au kama programu ya kusoma picha iliyofunzwa kwa wagonjwa wa Ulaya inakosea kwa wagonjwa wetu. Swali hilo la pili si la kinadharia. Programu za akili mnemba za kupima uvimbe wa ubongo zilikuzwa kwa picha za Marekani na Ulaya, kutoka mashine zenye nguvu na itifaki zinazofuatwa bila kukatizwa. Picha zetu mara nyingi zina ubora mdogo, na wagonjwa wetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali. Ndiyo maana mwaka 2023 mashindano ya kimataifa ya BraTS yalifungua sehemu ya Afrika, kwa picha za wagonjwa wa kusini mwa Sahara. Muungano wa CAMERA, unaoendeleza elimu na utafiti wa MRI barani, umefundisha vijana wengi. Vijana wameiva, ila nafasi za kuwaajiri hazijatengwa.

Na kuna utafiti ambao hauwezi kufanyiwa mbali hata ukitaka. PET, upigaji picha kwa dawa zenye mionzi, mara nyingi hutumia florini-18, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Huwezi kuiagiza Frankfurt ikafika Dar es Salaam ikiwa na maana yoyote. Lazima itengenezwe karibu na mgonjwa, na mkemia wake akae karibu nayo.

Waliovuka bahari

Tunaofanya kazi Ulaya na Marekani hatulalamikii kazi. Tunaipenda, na wenzetu wengi huko ni watu wema. Tunachokikataa ni masharti.

Mtazame mtafiti anayehamia Uingereza kwa mkataba wa miaka mitatu akiwa na mwenzi na watoto wawili. Ada ya huduma ya afya kwa wahamiaji ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto, nayo hulipwa yote kwa mkupuo kabla ya kupewa viza. Familia hiyo inadaiwa pauni 10,866 kabla mshahara wa kwanza haujaingia, na hapo hujahesabu ada ya viza yenyewe. Vyuo vingine hurudisha sehemu ya fedha hizo, vingine hukopesha. Anayetoka familia isiyo na akiba huanza kazi akiwa na deni. Marekani, Septemba 2025 ilitangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B. Posho ya serikali kuu kwa postdoki anayeanza ilikuwa dola 61,008 mwaka 2024, ingawa jopo la washauri wa taasisi ya taifa ya afya, NIH, lilikuwa limependekeza isipungue 70,000. Ni mwajiri gani atakayelipa ada inayozidi mshahara wa mwaka mzima?

Ukiacha viza, kuna kukatika kwa ruzuku, na huko wenyeji huumia pamoja nasi. Mwaka 1992 Douglas Prasher, akiwa Woods Hole, Massachusetts, alichapisha jeni ya protini ya kijani inayong'aa ya kiwavi cha baharini. Fedha zake zilikuwa zinaisha na maombi yake kwa NIH yalikuwa yamekataliwa. Kabla hajaondoka aliwagawia wenzake jeni hiyo, wakiwemo Martin Chalfie na Roger Tsien. Leo protini hiyo inaangaza seli hai chini ya hadubini katika maabara za dunia nzima. Mwaka 2008 Chalfie, Tsien na Osamu Shimomura walipewa Nobel ya kemia. Wakati huo Prasher alikuwa Huntsville, Alabama, akiendesha gari la kuwasafirisha wateja wa kampuni ya kuuza magari. Tsien baadaye alimpa kazi katika maabara yake. Tunamtaja kwa heshima. Kama hilo lilimpata Mmarekani nchini mwake, mgeni ambaye kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba hana hata muda wa kutafuta gari la kuendesha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulipewa siku ya kwanza, na mwaka wa saba bado tunaambiwa ni wageni.

Hali hii hubadilika watu wakikaa pamoja na kudai. Tarehe 14 Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma, postdoki wakiwa miongoni mwao, na Desemba postdoki wakapata mkataba mpya wenye nyongeza ya mishahara na msaada wa kulea watoto. Desemba 2023 watafiti vijana wa NIH yenyewe walipiga kura kuunda chama chao. Ujerumani, sheria inaruhusu mikataba ya muda kwa miaka sita baada ya uzamivu, tisa kwa fani za tiba. Baada ya hapo usipopata kazi ya kudumu au mradi wa mfadhili, njia imefungwa. Wizara ya elimu na utafiti ya huko ilitoa video ya mhusika wa kubuni aitwaye Hanna, ikieleza kwamba mikataba mifupi inauzuia mfumo usizibwe. Mwaka 2021 maelfu ya watafiti walijitokeza mtandaoni wakijitangaza kuwa wao ndio Hanna, na video ikaondolewa. Sheria bado ipo, lakini tangu siku hiyo hakuna waziri wa Ujerumani anayeweza kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la watu wachache wasioridhika.

Tunachodai

Kwanza kabisa, na juu ya mengine yote: kila MRI, CT na PET inayonunuliwa au kukodiwa kwa fedha za umma katika nchi zetu iambatane na nafasi moja ya kudumu ya mtafiti mwenye uzamivu, iliyomo katika bajeti ya hospitali, yenye cheo, pensheni na likizo. Mtafiti huyo apewe muda wa mashine usiopungua siku moja na nusu kwa wiki, usiku au mchana kadiri wagonjwa watakavyoruhusu. Mshahara wake kwa mwaka ni sehemu ndogo ya bei ya mashine. Faida yake nyingine ni ya papo kwa papo: mashine ikianza kutoa picha mbovu, yupo mtu anayejua sababu, na hospitali haisubiri fundi kutoka ng'ambo kwa hitilafu inayoweza kusahihishwa siku hiyo hiyo.

Mkataba wa postdoki usipungue miaka mitatu. Uamuzi wa kuuongeza au kutouongeza utolewe kwa maandishi miezi sita kabla haujaisha. Asiitwe mwanafunzi pale inapofika zamu ya kumkatia bima na kumchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, halafu akaitwa mtaalamu inapofika zamu ya kufundisha na kuandika maombi ya ruzuku. Mama aliyejifungua arudishiwe muda wake wa mkataba wote, kwa siku zote alizokuwa likizo ya uzazi.

Katika miradi ya ushirikiano na vyuo vya nje, nakala kamili ya data ya wagonjwa wetu ibaki hapa, na angalau nafasi moja ya postdoki iajiriwe na taasisi ya hapa kwa muda wote wa mradi. Aliyekusanya na kuchambua awe na haki ya kuongoza makala. Kamati zetu za maadili zina mamlaka ya kudai hayo kabla ya kutoa kibali, na tunaziomba ziyatumie.

Waajiri wa Ulaya na Marekani walipe ada za viza na afya za watafiti wanaowaita wao wenyewe, pamoja na familia zao. Ruzuku ikikatwa katikati, mtafiti apewe mshahara wa miezi sita wa kumvusha.

Na serikali zitekeleze zilichokwisha kusema. Ahadi ya kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti imo katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 na ikarudiwa na Umoja wa Afrika mwaka 2006. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 kwa mfuko wa taifa wa utafiti. Hatuombi ahadi mpya. Mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatwa, miradi ya afya ilisimama kutoka Kisumu hadi Mwanza, na kila mtu akaona ni hatari gani kumwachia mfadhili wa nje alipe mishahara ya wataalamu wa nchi.

Ahadi yetu

Tunaodai tuna wajibu pia. Atakayepata nafasi nyumbani chini ya madai haya atakaa, atafundisha wanafunzi wa uzamili, na ataandika matokeo yake kwa Kiswahili ili muuguzi na mgonjwa wayasome, mbali na makala za majarida. Misimbo na michoro ya vifaa tunavyobuni tutaiweka wazi kwa hospitali yoyote ya umma. Mtafiti mwandamizi kati yetu hatamsainisha kijana mkataba ambao yeye mwenyewe angeukataa. Harakati hii haina chama cha siasa, haichukui fedha za mtengenezaji wa mashine, na uongozi wake utabadilishwa kila mwaka kwa kura.

Kama wewe ni postdoki, tuletee nakala ya mkataba wako ukiwa umefuta jina, ili tuyaweke masharti yote mezani na kuyalinganisha. Kama ni mkurugenzi wa hospitali, tuambie mashine yako ina saa ngapi za usiku zisizo na kazi. Kama ni mbunge wa Dodoma, Nairobi au Kampala, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na vitabu vya wizara ya afya hupita mikononi mwako kabla ya hapo. Fungua ukurasa wa ununuzi wa vifaa tiba, tafuta kama kuna mstari wa mtafiti, na usipouona simama uulize.